Acha Mahindi Yaonekane

Chukua picha kumi za harusi zilizopigwa Kitale miaka hii ya karibuni, ondoa majina na mahali, kisha mpe mtu wa Nairobi akwambie zilipigwa wapi. Hataweza. Bwana harusi anaonekana hadi kope za macho, bibi harusi anang'aa, na nyuma yao kuna supu ya kijani yenye viputo vya mwanga. Supu hiyo inaweza kuwa mahindi ya Trans Nzoia. Inaweza kuwa majani chai ya Kericho, au ua la hoteli fulani kule Karen. Mpiga picha ameifuta sehemu hiyo kwa makusudi, na amelipwa vizuri kwa kuifuta.

Mtindo huu una jina la Kijapani, boke, na una waumini wengi kuliko baadhi ya makanisa yetu. Mimi nauita mtindo wa supu. Ukitumiwa mara moja moja, kama pilipili, sina neno. Shida ni kwamba umekuwa ndio kipimo cha picha nzuri. Kijana akitafuta kamera Bungoma leo, swali la kwanza ni kama "inatoa blari", na jibu analopewa ni kwamba blari ya ukweli iko kwa fremu kamili. Basi anaenda kutafuta fremu kamili, mara nyingi kwa deni.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya mpwa wangu. Anapiga harusi, mazishi na mahafali kuanzia Webuye hadi Chwele, na kwa miaka sita ametumia Canon 600D ya mtumba, kamera iliyotoka 2011. Alinipigia simu usiku.

"Khocha, nimechoka na hii kamera. Nataka fremu kamili, lakini ndogo. Sitaki kitu cha kubeba kwa boda kama tofali."

"Uko na pesa?"

"Niko na za chama. Na nitauza huyo ndama."

Khocha ni mjomba kwa Kibukusu, na mjomba akishatajiwa ndama hawezi kujibu kwa mzaha. Nilimwambia anipe wiki moja. Ninayoandika hapa ni yale niliyomwambia, pamoja na mengine ambayo angeyakatiza kwa kusema, "Khocha, fupisha."

Tuanze na kifaa chenyewe. Fremu kamili ni kihisi chenye upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, kipimo kilekile cha picha moja ya filamu tangu Leica ya kwanza ilipoanza kuuzwa mwaka 1925. Kihisi cha 600D ni kama milimita 22 kwa 15, yaani kile kikubwa kinakizidi eneo mara mbili na nusu hivi. Kwa miaka mingi kihisi kikubwa kilimaanisha kamera kubwa, kwa sababu ndani yake kulikuwa na kioo kinachoruka juu kila unapobonyeza. Oktoba 2013 Sony wakatangaza A7, fremu kamili isiyo na kioo hicho, gramu 474 pamoja na betri na kadi. Mlango ukafunguka. Mwaka 2019 zikaja Canon EOS RP ya gramu 485 na Sigma fp ya gramu 422. Mwaka 2020 ikaja Sony A7C, gramu 509. Ndugu yake A7C II akafuata 2023, na Panasonic Lumix S9 ikatoka 2024 ikiwa na gramu 486. Zote hizi zinaingia kwenye mfuko wa koti la mvua, na ukiwa Kitale kati ya Aprili na Oktoba koti la mvua unalo.

Kuondoka kwa kioo kulileta jambo lingine ambalo wauzaji hawakulipigia kelele mwanzoni. Lenzi za kamera za zamani zilitengenezwa zikae mbali na filamu ili kioo kipate nafasi ya kuruka: milimita 46.5 kwa Nikon, 45.46 kwa zile za skrubu zinazoitwa M42, 42 kwa Canon FD. Kamera mpya zimesogeza mdomo wake karibu sana na kihisi, Sony milimita 18, Canon 20. Nafasi inayobaki unaijaza kwa bomba la chuma lisilo na kioo wala umeme ndani, yaani adapta. Hapo lenzi iliyokuwa imelala kwenye droo tangu enzi za Moi inaamka na kufanya kazi tena. Wazo hilo linanifurahisha sana, kama vile kumwona babu akipanda matatu na kulipa kwa simu.

Vijana wenye haraka ya uzuri hukimbilia Helios 44-2. Ni lenzi ya Kisovieti ya milimita 58, f/2, iliyotengenezwa kwa wingi kwa ajili ya kamera za Zenit, na mchoro wake umetokana na Biotar ya Zeiss, ya Ujerumani kabla ya Vita vya Pili. Kasoro yake ndiyo sifa yake. Ukiifungua yote na nyuma kuna majani, yale majani huzunguka kichwa cha mtu kama maji yanayoingia kwenye shimo la bafu. Mahindi yetu, yenye majani marefu yanayometa, ni karamu kwa Helios. Mara ya kwanza unashangaa. Mara ya arubaini unasikia kizunguzungu, na bado hujui shamba lilikuwa la nani.

Hata ile hoja ya udogo inavunjikia hapo hapo. Helios ina gramu kama 230 za chuma na kioo. Ongeza adapta ya milimita 27 na ushei ili ikae sawa kwenye Sony, na kamera iliyokuwa inaingia mfukoni sasa imeota pua. Ukitaka ya zamani inayobaki ndogo kweli, itafute katika jamii ya kamera zilizokuwa hazina kioo tangu awali: Jupiter-8 kwa mfano, milimita 50, f/2, nayo ya Kisovieti, inayokaa milimita 28.8 tu kutoka kwenye filamu. Adapta yake ni nyembamba kama sahani ya kikombe. Sijui kwa nini haina waimbaji wa kuisifu kama mwenzake. Labda ni kwa sababu haizungushi majani.

Lakini kuna dosari kubwa zaidi, na ndiyo inayonifanya niwaone watengenezaji wa kamera hizi ndogo kama watu walioota ndoto nzuri wakaamka kabla haijaisha. Lenzi ya zamani haijifokasi. Ni jicho lako na vidole vyako. Kwa hivyo kitu unachohitaji kuliko vyote ni kitundu cha kuchungulia, kile unachokibana jichoni ili jua lisikusumbue. Na sehemu ya kwanza kukatwa kamera ikipunguzwa ni hicho kitundu! S9 haina kabisa. Sigma fp nayo haina. Chake kinauzwa kando. A7C inacho, ila ni kidogo kama tundu la ufunguo. Wewe jaribu kufokasi kwa skrini ya nyuma saa saba mchana, uwanja wa shule Bungoma, jua limesimama wima: utajiona uso wako mwenyewe na kofia yako. RP, ambayo wajuzi waliidharau siku iliyotoka, ina kitundu kikubwa kuliko cha A7C, nayo iliingia sokoni kwa dola 1,299, wakati A7C iliingia kwa karibu 1,800.

Halafu kuna jambo la taa. S9 na fp hazina shata ya chuma. Zinasoma kihisi mstari kwa mstari kwa umeme. Ingia kanisa lolote lililoweka taa za LED za bei nafuu, na siku hizi ni mengi, upige picha ya kwaya kwa kasi kidogo. Utaletewa mistari ya giza na mwanga ikipita juu ya mavazi yao kama pundamilia. Huwezi kumwambia bibi harusi kwamba mistari hiyo ni sanaa.

Basi nilishaanza kumwelekeza mpwa upande wa RP hata kabla hatujafika kwenye lile lililokuwa likinikera hasa.

Sisi tuna historia ndefu ya kuuchukulia upande wa nyuma wa picha kwa uzito. N.V. Parekh, aliyekuwa na studio Mombasa katikati ya karne iliyopita, alipanga mapazia, viti na taa kama mtu anayetengeneza sinema. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, ambaye alikata na kubandika picha hadi mtu akatokea mahali ambapo hakuwahi kusimama. Na miaka ya 1990, pale kivuko cha Likoni, wapiga picha ambao wengi wao walikuwa watu wa bara walijenga vibanda vyao vidogo, wakachora meli, ndege, minazi na hoteli za watalii, wakapamba kwa maua ya plastiki. Mfanyakazi wa kutoka huku kwetu alisimama mbele ya ndege ambayo hakuwahi kuipanda, picha ikatumwa nyumbani, na nyumbani wakaelewa vizuri kabisa: si kwamba amepanda ndege, ila amefika mahali ambapo ndege zinawezekana. Kisha Agosti 1997 vurugu za Likoni zikawatimua watu wengi wa bara, na lile tamasha la rangi halikuwa tena lilivyokuwa.

Katika picha zote hizo nyuma ndiko kulikokuwa kunazungumza. Mtu alilipia nyuma. Uso alikuwa nao tayari.

Na hata zile zisizo za studio, zilizopigwa nje ya nyumba kwa kamera ya filamu na fotografa aliyepita na baiskeli, angalia jinsi zinavyosomwa. Mwombe mama yeyote wa rika la wazazi wetu, Kitale au Bungoma, akuonyeshe albamu. Atakwambia huyu ni mimi, na hapo amemaliza kuhusu uso wake. Kidole kinahamia pembeni. "Hii jikoni ilikuwa ya nyasi bado." "Huu mti baba yako aliukata mwaka ule wa njaa." "Huyu aliyesimama kwa mlango, na kikombe, ndiye aliyeenda Uganda hakurudi." Mara nyingi yule wa mlangoni hana picha nyingine yoyote duniani. Alinaswa kwa bahati, kwa sababu kamera ile ya bei rahisi ilikuwa na lenzi yenye tundu dogo, kila kitu kikatoka wazi wazi, mbuzi na watu pamoja.

Kitale kuna makumbusho yaliyoanzishwa na Mwingereza mmoja, Hugh Stoneham, mwaka 1926, mtu aliyekuwa na kichaa cha kukusanya wadudu. Wakusanyaji wa vipepeo wana sheria moja ambayo ningependa ibandikwe kwenye kila begi la kamera: kipepeo asiye na kibandiko cha mahali na tarehe hana thamani kwa mtafiti, hata awe na rangi za ajabu namna gani. Ni pambo tu. Picha ya mtindo wa supu ni kipepeo aliyenyofolewa kibandiko, na anayekinyofoa ni sisi wenyewe, kwa vifaa vya pesa nyingi.

Nitatoa mfano wa karibu. Wabukusu hutahiri mwezi wa Agosti, miaka inayogawika kwa mbili. Agosti 2024 alitahiriwa mdogo wake huyu mpwa. Siku moja kabla, kijana huja kwa khocha wake akipiga chinyimba, zile njuga za chuma, naye khocha humchinjia na kumvisha nyama shingoni, na kumwambia maneno ambayo hayafai kwenye gazeti. Kesho yake alfajiri anapelekwa mtoni, anapakwa tope, anarudi nyumbani akisindikizwa na umati unaoimba Sioyaye, na kisu kinamkuta amesimama uani mwa baba yake. Mwanga wa saa hiyo ni mchache, jua halijapanda vizuri, moshi wa jikoni umetanda chini. Flashi haifai, na ukiiwasha utafukuzwa.

Familia ilikuwa imemkodi mpiga picha, si mpwa wangu, maana yeye siku hiyo alikuwa ndugu na alikuwa na kazi ya ndugu. Fotografa alikuja na kamera ya fremu kamili na lenzi ya f/1.8, inayojitafutia jicho la mtu na kuling'ang'ania. Alileta picha ambazo zingeshinda tuzo mahali fulani. Kijana yuko pale, tope linaanza kukauka kwenye paji la uso, macho hayapepesi. Jicho limetoka kali kama sindano. Baba yake, aliyesimama hatua tatu nyuma yake, ni kivuli. Shangazi zake ni mawingu. Mimi niliyetoa mnyama ni doa la kahawia upande wa kushoto, na nimejitambua kwa sababu ya rangi ya sweta.

Sherehe hiyo yote imejengwa juu ya ushahidi. Kijana anasimama mbele ya watu ili watu waseme walimwona. Ukimtenga na watu hao umepiga picha ya kijana aliyepakwa tope, basi. Kamera haikukosea, ilifanya kile ilichouziwa kufanya. Mtazamo wenyewe ndio uliokuja na kiboksi, kwamba mhusika ni mmoja na waliobaki ni pambo.

(Kuna suala lingine hapo ambalo nitaligusa tu. Huyo kijana alikuwa na miaka 13, na asubuhi hiyo hajavaa nguo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na mwaka 2023 ofisi ya kamishna wake iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi. Kila Agosti ya zamu Facebook hujaa watoto wa watu, wazi hadi kope. Kama kuna mahali pa kutumia ukungu, ni hapo, na hapo hautumiki.)

Sasa turudi kwa lenzi za zamani, maana nilichokigundua ni kwamba wanaozisifu wanazisifia sehemu isiyo yake. Ichukue Canon FD ya milimita 28, f/2.8, ya kawaida kabisa. Izungushe mkononi. Kati ya pete ya umbali na pete ya tundu kuna mistari midogo yenye namba mbili mbili, kulia na kushoto: 4, 8, 11, 16. Lenzi nyingi mpya hazina tena mistari hiyo. Inakwambia, bila umeme wala menyu, ni kutoka wapi hadi wapi kitu kitaonekana wazi. Weka tundu kwenye f/8, sogeza alama ya umbali usio na mwisho hadi ikae juu ya ile 8, na kuanzia kama mita 1.7 mbele yako hadi Mlima Elgon kila kitu kiko sawa. Umemaliza. Hufokasi tena siku nzima. Mtoto akikimbia, mama akicheka, mzee akiinua fimbo, unabonyeza tu. Hiyo ndiyo fokasi ya haraka kuliko zote zilizowahi kutengenezwa, na iko kwenye lenzi ambayo watu wanainunua ili waifungue yote na kufuta nyuma.

Mjuzi wa hesabu atanikatiza hapa. Atasema kihisi kikubwa hakina faida kwa picha ya namna hii: ukifunga tundu ili upate kina, unapoteza mwanga, unapandisha ISO, na mwishowe unalingana na yule mwenye kihisi kidogo aliyefungua tundu lake kidogo zaidi. Ni kweli kabisa, na wauzaji hawatakwambia. Kama unataka kila kitu kionekane, fremu kamili haikupi muujiza wowote gizani.

Inachokupa ni upana. Lenzi ya milimita 28 ilitengenezwa kwa picha ya milimita 36 kwa 24. Ukiifunga kwenye kihisi kama cha 600D, inakatwa pembeni na kuwa kama milimita 45, na wewe unaanza kurudi nyuma, unarudi, hadi mgongo unagonga ukuta wa jikoni na bado bibi wawili wako nje ya picha. (Kwa FD hata kufungika vizuri haifungiki kwenye 600D, kwa kuwa Canon walipohamia EF mwaka 1987 waliziacha lenzi nyingi za FD bila daraja.) Na lenzi pana za zamani zilizotengenezwa kwa vihisi vidogo hazipo, kwa sababu zamani vihisi havikuwepo. Kwa hivyo kama una nia ya kutumia lenzi za zamani kwenye ua wa nyumba, penye umati, fremu kamili ndiyo njia pekee ya kuzipata zikiwa jinsi zilivyozaliwa. Nunua kihisi kikubwa ili watu waenee. Sijaona tangazo hata moja linalosema hivyo.

Nilimwambia mpwa haya yote kwa simu, akanyamaza kidogo.

"Lakini Khocha, wateja wanataka blari."

"Wapatie. Una ile fifti yako."

Na hapo ndipo neno "lenzi za zamani" linapopata maana ya kweli huku kwetu. Helios inatoka eBay na YouTube. Lenzi ya zamani ya Bungoma ni ile Canon EF 50 ya f/1.8 ya plastiki, iliyopita mikono mitatu, na zumu ya 18-55 iliyokuja na kamera. Kwa adapta ya Canon yenyewe, fifti inafanya kazi kwenye RP na kujifokasi vizuri kuliko ilivyowahi kufanya. Zumu nayo itafunga, lakini ujihadhari: imetengenezwa kwa kihisi kidogo, kwa hivyo kamera inajikata yenyewe na kutoka megapikseli 26 hadi kama 10. Kwa albamu ya kawaida zinatosha. Kwa bango la mlango wa kanisa, hapana.

RP ina udhaifu wake na nilimtajia. Betri yake inakadiriwa picha 250 tu kwa chaji moja, wakati A7C inafika 700 hivi. Mazishi ya Jumamosi huku yanaweza kukulia betri tatu, na stima ikipotea utajua hujui. Haina kitulizo cha mtikisiko ndani ya mwili, ambacho A7C inacho, na kwa lenzi za zamani zisizo na kitulizo chao hiyo ni hasara. Angekuwa anapiga kwa milimita 135 jioni ningemwambia auze ndama wawili. Kwa milimita 28 mkono wake unatosha. Na sitatumia lenzi ya kuzungusha kwa mkono pale Saiwa, ile hifadhi ndogo kabisa ya taifa karibu na Kitale ambako unatembea kwa miguu ukimvizia nzohe kwenye matete. Mnyama huyo hakusubiri uzungushe pete. Kila chombo na bahari yake.

Ile FD 28 nilimpa mimi. Kabla ya kumpa niliishikia tochi ya simu upande mmoja na kuchungulia upande wa pili, jambo ambalo kila mnunuzi wa lenzi kuukuu afanye kabla hajatoa hata mia. Unatafuta nyuzi nyembamba kama utando wa buibui: hiyo ni kuvu, na baridi na unyevu wa Trans Nzoia inaupenda. Unatafuta pia mafuta kwenye yale majani ya chuma yanayofunga tundu. Yangu ilikuwa safi, kwa sababu imeishi miaka yote kwenye mkebe wa plastiki unaofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Adapta ya FD iwe ile yenye pete ya kufungia, la sivyo tundu litabaki wazi hata ukizungusha namba. Na kwenye menyu ya kamera kuna mahali pa kuiruhusu ipige hata ikidhani haina lenzi. Usipoigusa hapo, itakukatalia, nawe utadhani umeuziwa mbovu.

Alinunua RP ya mtumba mwezi uliofuata. Ndama aliuzwa, bei alinitajia mama yake, yeye hakunitajia. Harusi bado anapiga kwa fifti, supu tele, na ninamwelewa, karo ya shule hailipwi kwa nadharia ya mjomba. Lakini juzi alinitumia picha ya mazishi huko Chwele, iliyopigwa kwa ile 28 kwenye f/8, amesimama juu ya kiti cha plastiki. Hema la kukodi na namba ya simu ya mwenye hema. Sufuria tatu na wapishi wakigeuka kuangalia. Mahindi yamefika kiunoni nyuma ya choo. Mbwa. Nimeikuza kwenye simu nikahesabu watu 31, na wawili siwajui, mmoja kati yao amesimama mlangoni na kikombe. Nimeituma kwa dada yangu aniambie ni kina nani.